Rundo la Hadithi Si Kitabu

Wanaoniuliza kuhusu kuchapisha mkusanyiko wa hadithi fupi karibu wote huanzia kwa mchapishaji: nimpate wapi, nitamlipa au atanilipa, kitabu kitachukua muda gani kutoka. Ni maswali halali na nitayafikia. Ila kazi iliyonitoa jasho ilifanyika kabla mswada haujamfikia mchapishaji yeyote, na ndiyo kazi isiyozungumzwa. Hadithi nilikuwa nazo. Baadhi zilishatoka katika majarida, nyingine zilisomwa na marafiki wawili watatu, nyingine hazijawahi kutoka nje ya kompyuta yangu. Ukijumlisha maneno yake, yalitosha kitabu na kusaza. Hata hivyo, nilichokuwa nacho ni rundo.

Tofauti ya rundo na kitabu inatokana na jinsi hadithi fupi inavyosomwa. Mwaka 1842 Edgar Allan Poe, alipokuwa akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne, aliandika kwamba hadithi ya namna hii inafaa kusomwa kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa moja au mbili, ili shughuli za dunia zisiingie katikati na kuvunja athari yake. Hiyo ndiyo nguvu ya hadithi moja, na ndilo tatizo la kitabu kizima. Msomaji wa riwaya akishavuka kurasa za mwanzo anabebwa. Anataka kujua yule binti alifika au hakufika. Msomaji wa mkusanyiko anafika mwisho kila baada ya kurasa kumi na kitu. Amemaliza. Anaweza kufunga kitabu bila kudaiwa chochote, akaenda zake, asirudi tena. Kila hadithi inayofuata inapiga hodi upya kwenye mlango uleule, na mwenye nyumba halazimiki kufungua. Tangu jambo hilo liniingie akilini, kila uamuzi, uwe wa hadithi ipi iingie, ipi itangulie, au jina la kitabu liwe lipi, niliupima kwa swali moja: akimaliza hii, atafungua ijayo?

Nilianza kwa kuzisoma zote mfululizo. Linaonekana jambo dogo, lakini fikiria: mtu huandika hadithi fupi kwa kuachanachana, pengine miaka inapita kati ya moja na nyingine, na kila moja huihariri ikiwa peke yake. Hajawahi kuziona zikikaa pamoja. Nilizichapa kwenye karatasi, nikazisoma kalamu mkononi bila kusahihisha kitu, ila kuweka alama pembeni kila nilipohisi kwamba hapa nimeshapita.

Pambizo zilijaa alama. Hadithi zangu zilipenda kuanza asubuhi, mtu anaamka, anasikia sauti fulani nje. Zilipenda kuishia mlangoni: mhusika amesimama, ameshika kitasa, haijulikani ataingia au ataondoka. Mwisho wa aina hiyo ukiwa katika hadithi moja unampa msomaji cha kufikiri. Ukirudi mara ya pili anauona kama mtindo wa mwandishi. Ukirudi tena baada ya hapo anaujua kabla hajaufikia, na hapo umempoteza. Wahusika wangu walishusha pumzi kupita kiasi, waume kwa wake. Wazee wote walikuwa na busara, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuishi na wazee anajua si kweli. Na kulikuwa na vifo vingi. Sikuwa nimetambua ni kwa kiasi gani nilimtegemea marehemu kumaliza habari zangu.

Hakuna rafiki angeweza kuniambia haya, kwa sababu hakuna rafiki aliyezisoma zote kwa pamoja. Aliyesoma moja alimwona mhusika akishusha pumzi mara moja tu, na hilo halina kosa.

Nikatengeneza jedwali. Safu moja jina la hadithi, nyingine nani anasimulia (nafsi ya kwanza au ya tatu), nyingine muda ambao hadithi inachukua, usiku mmoja au miaka ishirini, kisha inaanzaje, inaishaje, majina ya wahusika, na idadi ya maneno. Sipendi majedwali, na kulitumia kwenye kazi ya sanaa niliona kama utovu wa adabu. Lakini jedwali halikupendi wala halikuchukii. Linakuonyesha kwamba hadithi tatu zina mhusika ambaye jina lake linaanza kwa M na lina silabi mbili, na kwamba msomaji atakayezisoma jioni moja atawachanganya. Linakuonyesha kwamba hadithi zako zote ndefu zimesimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Mambo ya namna hiyo huyaoni ukiwa umezama ndani ya sentensi.

Kutokana na jedwali, nyingine nilizirekebisha. Kubadilisha jina la mhusika ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, ingawa usiiachie kompyuta ibadilishe kila mahali kwa pamoja. Jina fupi linaweza kuwa limejificha ndani ya maneno mengine, na utakuta vitenzi vyako vimegeuka kuwa watu. Kubadilisha mwisho ni kazi nzito. Mwisho wa hadithi fupi haukubandikwa baadaye. Umeandaliwa tangu aya ya kwanza, na ukiung'oa inabidi urudi kuondoa kila ulichokiweka kwa ajili yake. Hadithi mbili za mlangoni niliziandika upya toka katikati. Moja ikawa bora. Ya pili ilikataa katakata, nikaiondoa kitabuni.

Kuondoa kuna kanuni ambayo sikuitarajia: ubora hautoshi. Nilikuwa na hadithi mbili juu ya ndugu wanaogombania urithi, zote nzuri, na moja ilikuwa imesifiwa sana ilipotoka jaridani. Ndani ya kitabu kimoja zilidhoofishana. Msomaji akifika ya pili anaanza kulinganisha badala ya kusikiliza. Niliyoibakiza ni ile isiyosifiwa, kwa sababu ilikuwa na sauti ambayo haikupatikana kwingineko kitabuni. Kwa upande mwingine, kulikuwa na kihadithi cha kurasa tatu ambacho kingetolewa peke yake kisingemshughulisha mtu. Kikiwekwa kati ya hadithi mbili nzito kilimpa msomaji nafasi ya kupumua. Kilibaki. Zilizoondolewa hazijafa, zipo kwenye folda yake, na kitabu kingine kikija zitagombea upya.

Kuhusu urefu wa kitabu, usiweke hadithi dhaifu ili kukinenepesha. Ukurasa wa A5 wenye herufi za pointi 11 hubeba maneno ya Kiswahili kati ya 250 na 300 hivi, kwa hiyo maneno 40,000 yanatoa kitabu cha kurasa 150 au kupungua kidogo. Hicho ni kitabu kamili. Hasara pekee ya kitabu chembamba sana ni kwamba mgongo wake haubebi jina, na kikiingia rafuni hakionekani.

Kisha mpangilio, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kuna wanaopanga kwa tarehe za kuandikwa. Naona huo ni mpangilio unaomfaa mtafiti, au mwandishi aliyekwisha kufa. Kuna wanaopanga kwa dhamira, zile za mapenzi pamoja, za siasa pamoja, na matokeo yake msomaji anapata hadithi nne za mapenzi kwa mfululizo na kuchoka kama aliyeshinda harusini. Mpangilio unaoniridhisha zaidi katika vitabu nilivyovisoma ni ule wa James Joyce katika hadithi zake za Dublin, zilizotoka mwaka 1914. Alieleza mwenyewe katika barua ya mwaka 1906 kwamba alizipanga kwa hatua nne: utoto, ujana, utu uzima, na maisha ya umma. Huhitaji kuambiwa ili uhisi. Wasimulizi na wahusika wanakua kadiri unavyofunua kurasa. Zangu hazikuweza kupangwa hivyo, lakini nilichukua wazo kwamba chini ya hadithi zisizohusiana kunaweza kupita mkondo mmoja. Kwangu mkondo ulikuwa sauti: kitabu kinaanza na watu wanaosema sana, kinaelekea kwa watu wanaosema kidogo.

Ndani ya mkondo huo kuna mambo ya kiufundi. Hadithi ya kwanza si lazima iwe bora kuliko zote. Iwe inayomwelekeza msomaji namna ya kukisoma kitabu. Ikiwa ya kuchekesha na zilizobaki ni za majonzi, umemlaghai. Ya pili ina kazi ngumu zaidi, maana ndiyo inayothibitisha kwamba ya kwanza haikuwa bahati. Nilikataa kuweka hadithi mbili za nafsi ya kwanza zikifuatana, kwa sababu wasomaji wangu wa majaribio walidhani "mimi" wa hadithi ya pili ni yuleyule wa ya kwanza, wakatumia ukurasa mzima kujaribu kuwaunganisha. Hadithi ndefu kuliko zote niliiweka mbele kidogo ya katikati, msomaji akiwa bado ana nguvu na tayari ana imani. Ya mwisho niliichagua kwa aya yake ya mwisho tu. Baada ya aya hiyo hakuna kurasa nyingine za kuifunika, kwa hiyo inabeba uzito ambao isingekuwa nao popote pengine.

Nilizipanga sakafuni, karatasi moja kwa kila hadithi, jina na mstari wa kwanza juu, mstari wa mwisho chini. Ukisoma mstari wa mwisho wa moja ukaunganisha na wa kwanza wa inayofuata, utasikia kama kuna mgongano au ukimya unaofaa. Watu wa nyumbani walizoea kuruka karatasi.

Jina la kitabu lilikuja kutoka huko sakafuni pia. Desturi ya kukipa kitabu jina la hadithi mojawapo ina faida na gharama. Faida ni kwamba jina tayari limejaribiwa. Gharama ni kwamba hadithi hiyo inabebeshwa mzigo wa kitabu chote. Msomaji ataikimbilia kwanza, na isipomridhisha atahukumu zote. Ukichagua njia hiyo, hakikisha ni hadithi inayoweza kusimama chini ya mzigo huo. Na katika nchi nyingi jina la kitabu peke yake halilindwi na hakimiliki, kwa hiyo litafute kwanza kwenye intaneti. Mchapishaji mwingine anaweza kuwa nalo, na mtachanganywa kila mtu anapotafuta.

Kabla ya kwenda kwa mhariri nililazimika kushughulikia zile zilizokwisha kutoka majaridani. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa kuhusu hakimiliki, tangu marekebisho yake ya 1908, unasema kazi ya fasihi inalindwa bila sharti la kusajiliwa, na muda wa chini wa ulinzi kwa kazi ya fasihi ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Vizuri. Lakini haki ambayo hukuisajili unaweza kuitoa kwa kubonyeza kitufe cha kukubali masharti. Jarida moja lilichukua haki ya kutoa hadithi kwa mara ya kwanza tu, kisha kila kitu kilirudi kwangu. Jingine lilitaka liandikiwe barua na kutajwa ndani ya kitabu. Shindano moja niliwahi kuliacha kwa sababu masharti yake yalisema kila hadithi itakayowasilishwa, ishinde isishinde, ni mali ya waandaaji. Soma masharti hayo kabla ya kutuma, na hifadhi kila barua pepe. Jarida linaweza kufa na anwani yake isipokee tena ujumbe, ukabaki na ushahidi ulio kwenye sanduku lako tu.

Mhariri sasa. Kuna kisa ambacho kila mwandishi wa hadithi fupi anapaswa kukijua. Raymond Carver alipokuwa akiandaa mkusanyiko wake wa mwaka 1981, mhariri wake Gordon Lish alikata zaidi ya nusu ya maneno ya mswada, akabadilisha miisho na baadhi ya majina ya hadithi. Julai 1980 Carver alimwandikia barua akimsihi asimamishe uchapishaji. Haukusimama, kitabu kilitoka, kikampa sifa kubwa. Mswada wenyewe ulichapishwa mwaka 2009, yeye akiwa ameshafariki mwaka 1988. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na bado siwezi kusema nani alikuwa na haki. Ninachoweza kusema ni kwamba mhariri anayekata anajua kitu ambacho mwandishi hajui, na mwandishi anayekataa anajua kitu ambacho mhariri hajui, na mkataba ndio utakaosema nani ana neno la mwisho.

Wangu alikuwa mkali wa namna nyingine. Hakukata sana, aliuliza. Pembeni mwa aya niliyoipenda kuliko zote aliandika: "Hii inamsaidia nani?" Nilikasirika kwa muda, nikaitetea kwenye barua ndefu, na nilipofika mwisho wa barua niliona kwamba hoja zote nilizozitoa zilihusu uzuri wa aya na hakuna hata moja iliyohusu hadithi. Sikuituma. Aya ilitoka. Lakini alipotaka nieleze kwa nini mhusika mmoja aliiacha familia yake nilikataa, na nikabaki nimekataa, maana hadithi nzima imejengwa juu ya kutojua. Kati ya mwandishi na mhariri kuwe na mengi ya kukubaliana na machache ya kukataliana. Ukijikuta unakubali kila kitu, umechoka. Ukikataa kila kitu, bado hujawa tayari kuchapishwa.

Nimesema nitafika kwa mchapishaji. Wachapishaji wengi husita kuchukua hadithi fupi za mwandishi asiyejulikana, na watakuambia kwa adabu kwamba wangependa riwaya. Hata Alice Munro, ambaye tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2013 ilimtaja kuwa bingwa wa hadithi fupi ya kisasa, aliishi miaka akisikia swali la riwaya itakuja lini. Mimi nilipata mmoja aliyevutiwa. Mkataba wake ulikuwa na kifungu kinachompa haki za kila hadithi iliyomo, kwa lugha zote na kwa namna zote, kwa muda wote wa hakimiliki. Kwa riwaya kifungu cha aina hiyo ni kibaya. Kwa mkusanyiko ni kibaya mara nyingi zaidi, kwa sababu hadithi fupi huishi maisha mawili: moja ndani ya kitabu, jingine nje yake, katika antholojia (mkusanyiko wa kazi za waandishi mbalimbali), redioni, jukwaani, katika tafsiri. Niliomba kibadilishwe, hakikubadilishwa, tukaagana bila ugomvi.

Usipopata mkataba wa haki, kuchapisha mwenyewe si aibu. Tofautisha tu mambo mawili. Ukilipia uchapishaji, haki zote zibaki kwako na mlipwaji awe anakuuzia huduma: uhariri, kupanga kurasa, kuchapa. Anayekutoza pesa za kuchapa na papo hapo anataka haki zako na sehemu kubwa ya mauzo anakulipisha mara mbili. Na ukisaini na mchapishaji wa kawaida, tazama mrabaha, yaani sehemu ya mauzo inayomwendea mwandishi, unakokotolewa juu ya nini, bei ya jaladani au kile kinachobaki baada ya punguzo la wauzaji. Asilimia ileile juu ya misingi hiyo miwili hutoa pesa tofauti kabisa. Tazama pia haki zinarudi lini kitabu kikikoma kuchapwa.

Kwenye kiwanda cha chapa utaulizwa nakala ngapi. Chapa ya ofseti inahitaji kutengenezewa mabamba, kwa hiyo gharama kubwa iko mwanzoni na kila nakala inayoongezeka inapunguza bei ya nakala moja. Chapa ya dijitali haina mabamba. Nakala ya kwanza na ya mia gharama yake haitofautiani sana. Watakushawishi uchape nyingi kwa sababu nakala moja moja itakuwa rahisi. Hesabu yao ni sahihi, lakini haijumlishi maboksi yatakayokaa chini ya kitanda chako. Nilichagua dijitali na nakala chache, nikijua naweza kurudi.

Kupanga kurasa za Kiswahili kuna adha yake, na ningependa mtu angeniandalia orodha hii mapema. Programu nyingi zikiachiwa hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Nilipopata kurasa za kwanza niliona "mwan-amke" na "kuwapun-guzia", yaliyokatwa mahali pasipo mwisho wa silabi. Silabi ya Kiswahili karibu daima huishia na irabu, hivyo kanuni ya kumpa mpangaji ni fupi: kata baada ya irabu, na kamwe usitenganishe ng', ny, ch, sh, mw na wenzao. Alama ya ng' nayo ilikuwa pengine imenyooka, pengine imepinda, kutegemea hadithi iliandikwa kwenye kompyuta ipi. Jichoni ni kitu kidogo, lakini ukitafuta neno ndani ya faili, utalikosa nusu ya mahali lilipo. Mazungumzo nayo: hadithi nyingine zilitumia kistari, nyingine alama za kunukuu. Katika jarida hakuna anayejali. Ndani ya kitabu kimoja yanaonekana kama uzembe.

Kurasa hukusanywa kwa mafungu, mara nyingi ya 16 au 8, kwa sababu karatasi kubwa huchapwa kisha hukunjwa. Ukizidi fungu kwa kurasa mbili tatu, utabaki na kurasa tupu nyuma. Nilikuwa nimetaka kila hadithi ianze ukurasa wa kulia. Ilipendeza ila ilileta kurasa tupu nyingi, na nikaruhusu kushoto pia. Upana wa mgongo hutegemea idadi ya kurasa na unene wa karatasi, kwa hiyo jalada haliwezi kukamilika kabla ya ndani kukamilika, hata msanii akuharakishe vipi. Picha ya jalada iwe na ubora wa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, na rangi zivuke ukingo kwa milimita 3 hivi ili kisu kisiache mstari mweupe. Rangi za kwenye skrini zitafifia kidogo karatasini, maana skrini hutumia mwanga na karatasi hutumia wino.

ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, nitaipitia haraka. Ina tarakimu 13 tangu 2007, huanza na 978 au 979, na kila umbo la kitabu, la karatasi na la kielektroniki, linahitaji yake. Haikupi hakimiliki na haisemi kitabu ni kizuri. Inamwezesha muuzaji na maktaba kukiagiza, basi.

Prufu, yaani kurasa za majaribio zinazosahihishwa kabla ya kuchapa, usizisome mwenyewe peke yako. Jicho lako linajua sentensi inakoenda na litaruka herufi iliyokosekana. Nilimpa mtu asiyependa hadithi hata kidogo, mtu wa hesabu, na aliona ambavyo wapenda fasihi hawakuviona: jina la hadithi kwenye ukurasa wa yaliyomo halikuwa sawa na lililoko juu ya hadithi yenyewe, na vichwa vya juu vya kurasa vilibeba jina la hadithi iliyotangulia kwa kurasa kadhaa. Mwenyewe nilisoma kwa sauti, nikianza na hadithi ya mwisho kurudi nyuma, maana makosa hujificha zaidi kule ambako msomaji wa prufu hufika akiwa amechoka. Na omba nakala moja iliyochapwa kabla ya kuruhusu zote.

Kitabu kikatoka. Kuhusu mpangilio niliougharamikia sana, lazima niseme ukweli: wasomaji wengi walioniandikia walianza popote. Mmoja aliisoma fupi kuliko zote akiwa kwenye foleni, akahukumu kutokana na hiyo kama anunue. Mwingine alianzia mwisho. Waliosoma kwa mpangilio walikuwa wahakiki na watu wazima wenye subira, na hao ndio walioandika kuhusu watu wanaosema kidogo kadiri kitabu kinavyokwenda. Sijutii. Ila kwa mkusanyiko ujao nitafikiria zaidi juu ya ukurasa wa yaliyomo, kwa kuwa ndio unaosomwa na kila mtu kabla ya chochote, na majina ya hadithi yakikaa pamoja pale yanashindana.

Katika hafla za kusoma nilijifunza kuchagua hadithi inayoweza kukatwa. Dakika kumi zinatosha, na usifike mwisho. Anayetaka kujua atanunua. Kihadithi cha kurasa tatu ndicho nilichokisoma kizima, pale tu nilipoona watu wamechoka na hotuba.

Muda si mrefu mhariri wa antholojia aliniandikia akiomba hadithi moja. Aliitaka ile ya ndugu na urithi. Kwa kuwa haki zilikuwa zangu, sikuhitaji kumwomba mtu. Tulikubaliana kwa barua fupi: ruhusa isiyo ya pekee, kwa toleo hilo tu, kitabu changu kitajwe, na mabadiliko yoyote, hata ya alama, nionyeshwe kwanza. Nilimtumia faili lililosahihishwa, lile lenye ng' za aina moja.